Niuze pikipiki yangu ninunue toleo la juu, au nibadilishe shokapu?

Shikamoo Fundi,

Nina pikipiki ya spoti, toleo la kawaida, lile la bei ya chini kuliko yote katika aina yake. Niliinunua mpya miaka miwili iliyopita na imeshatembea kilomita 14,000. Injini sina neno nayo, inanitosha na kubaki. Tatizo ni jinsi inavyonirusha. Nikiingia kona yenye viraka au lami iliyovimba, usukani unatetemeka mikononi, nyuma inadunda kama mpira, na badala ya kutazama ninakokwenda najikuta nahesabu mashimo. Nikitoka safari ya saa mbili viganja vinauma mpaka kesho yake.

Tunaendesha kikundi cha watu sita. Mwenzetu mmoja ana pikipiki kama yangu, ila ni toleo la juu, lenye shokapu za rangi ya dhahabu mbele na nyuma. Mwezi uliopita tulibadilishana kwa nusu saa. Fundi, nilishuka machozi yakinilengalenga. Ilipita palepale ninapopaogopa kana kwamba barabara imepigwa pasi. Tangu siku hiyo yangu naiona kama adhabu.

Nilikwenda dukani. Wamesema wataichukua yangu, niongeze fedha, nipewe toleo la juu. Nyongeza yenyewe inakaribia nusu ya bei niliyonunulia yangu. Fundi mwingine anasema nisiuze, atanifungia shokapu mpya ya nyuma na vyombo vipya vya ndani vya shokapu za mbele, kwa kama robo ya bei hiyo. Kaka yangu, aliyenifundisha kuendesha, anasema nikianza kubandika vipuri sitamaliza, na siku ya kuuza hakuna atakayenirudishia hata senti, kwa hiyo bora nichukue toleo la juu yaishe. Mume wangu anasema fedha ni zangu, ila niamue, kwa sababu miezi miwili sasa tukikaa mezani hatuzungumzi kingine.

Labda haya yatakusaidia. Nina kilo 54. Shokapu sijawahi kuzigusa, isipokuwa siku ya kwanza kaka alikaza ya nyuma, akasema pikipiki ya spoti lazima iwe ngumu. Tairi la nyuma nimebadilisha mara moja, la mbele ni lilelile lililokuja nayo. Naendesha barabarani tu. Uwanja wa mbio nimeingia siku moja na ningependa sana kurudi. Fedha nilizoweka zinatosha njia zote mbili, lakini nikichukua toleo la juu zinaisha zote.

Nifanye nini?

Kilo 54

*

Marahaba, binti yangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho limegota kwenye aya ya mwisho, ile uliyoiandika kama nyongeza. Kilo 54. Kaka alikaza. Tairi la mbele ni lilelile. Ukiniuliza mimi, ugonjwa wote umekaa hapo. Kwa hiyo usiuze. Na huyo fundi wa robo ya bei naye mwambie asubiri.

Kiwanda kinapounda pikipiki hakijui nani ataipanda. Lazima kimchague mtu wa kufikirika, na kwa pikipiki za spoti mtu huyo kwa kawaida ana kilo sabini na kitu hadi themanini. Springi huchaguliwa kwa ajili yake. Ukikaa wewe, kuna kilo ishirini na ushei ambazo springi inazisubiri na hazifiki. Pikipiki haizami inavyopaswa. Watu wengi hudhani kuzama ni udhaifu, lakini shokapu isiyozama ukikaa haina pa kurefukia tairi linapokuta shimo. Tairi linabaki linaning'inia, halikanyagi chochote, kisha linatua kwa kishindo upande wa pili. Huko ndiko kudunda kama mpira ulikonieleza, na umekueleza vizuri kuliko mafundi wengi.

Halafu kaka, kwa nia njema kabisa, akakaza. Naomba nikae kidogo hapa, maana kosa hili nalikuta gereji kila mara, na linafanywa na watu wanaojua kuendesha kweli. Kukaza nati ya springi hakuifanyi springi kuwa ngumu zaidi. Springi inayohitaji nyutoni 90 ili ibonyee milimita 1 itabaki hivyo hata ukiikaza mpaka nyuzi za nati ziishe. Kinachobadilika ni pale inapoanzia. Inakuwa imeshabanwa kabla hujakaa, kwa hiyo pikipiki inasimama juu zaidi na inadai nguvu kubwa zaidi ndipo ikubali kusogea. Mtu wa kilo 95 anaweza kuhitaji hivyo. Wewe ulikuwa tayari mwepesi kwa springi ile, na kukaza kukakusogeza mbali zaidi na pale panapokufaa.

Sasa njoo kwenye zile shokapu za dhahabu. Ndani yake kuna springi pia, na nayo imechaguliwa kwa mtu yuleyule wa kufikirika. Baadhi ya matoleo ya juu huja na springi ngumu kuliko za toleo la kawaida, kwa sababu waliyatengeneza wakiwaza uwanja wa mbio, breki kali na lami laini. Hata zile za kielektroniki hazikwepi jambo hili. Yamaha R1M ilipotoka mwaka 2015 ilikuwa na shokapu za kampuni ya Öhlins zinazojirekebisha zenyewe pikipiki ikiwa mwendoni, na Ducati Panigale V4 S na Honda Fireblade SP zina za namna hiyo. Ni kazi ya ajabu, sitaidharau hata siku moja. Lakini kompyuta ile inachorekebisha ni mwendo wa oili ndani ya shokapu, yaani kasi ya kuzama na kasi ya kurudi. Springi yenyewe haiigusi. Ukiwa na kilo 54 juu ya springi ya mtu wa kilo 80, kompyuta itajitahidi kusawazisha kitu ambacho kilikosewa kabla haijawashwa.

Utaniuliza, kama ni hivyo, mbona nusu saa ile ilikutoa machozi? Nakuamini. Shokapu zile ni bora kweli, na ubora wake upo kwenye oili. Tairi likigonga ukingo wa kiraka, shokapu inasukumwa ghafla, na oili inatakiwa ipite upesi. Ukiegemea kona taratibu, au ukifunga breki, oili inatakiwa ipite kwa ugumu ili pikipiki isiiname ovyo. Shokapu ya bei ndogo ina njia chache za oili, kwa hiyo mtengenezaji analazimika kuchagua: ama akutulize kwenye breki, ama akupitishe salama kwenye viraka. Ya bei kubwa ina rundo la visahani vyembamba vya chuma vinavyopinda kwa hatua, hivyo inafanya yote mawili. Tofauti hiyo uliihisi na ni ya kweli.

Ila pamoja nayo ulihisi mambo mengine. Shokapu ya mwenzako hakuna aliyeikaza kupita kiasi. Na tairi lake la mbele, nakisia, halina kilomita 14,000. Tairi la mbele la spoti likifika hapo huwa limeshapoteza umbo lake la duara, linalika kwa mawimbi, na mawimbi hayo yanapanda moja kwa moja hadi kwenye usukani. Huwezi kumhukumu mtu kwa mwendo wake ilhali amevaa viatu vilivyoisha soli. Badilisha tairi hilo kwanza, kabla ya jambo lolote. Na upepo upime asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa namba iliyo kwenye kitabu cha pikipiki yako. Spoti nyingi huandikiwa psi 36 mbele, na nyuma kati ya 36 na 42. Hujaniandikia mara ya mwisho kupima ilikuwa lini, na ukimya huo umenitia wasiwasi.

Tairi likishakuwa jipya, tupime. Unahitaji tepu ya kupimia, karatasi, na watu wawili. Vaa kila kitu unachovaa safarini, kofia, buti na begi lako kama huwa unalo. Kwa nyuma, bandika kipande cha utepe wa gundi kwenye mkia wa pikipiki, wima juu ya ekseli. Wenzako wainyanyue pikipiki mpaka tairi la nyuma liache ardhi, kisha pima kutoka ekseli hadi kwenye alama. Iteremsheni, panda, miguu juu ya vikanyagio, mmoja ashike usukani ili isianguke, na mwingine aibonyeze siti mara mbili tatu aiachie itulie. Pima tena. Toa namba ya pili kwenye ya kwanza. Kwa mbele ni vilevile, pale kwenye bomba linalong'aa la shokapu. Spoti nyingi zina nafasi ya kucheza ya milimita 120 hivi, na kwa barabara tunataka kati ya robo na theluthi yake iliwe na uzito wa pikipiki pamoja na wako: milimita 30 hadi 40 mbele na nyuma. Nakutabiria nyuma hufiki 20.

Ukipata namba ndogo, legeza nati ya nyuma hatua moja moja, ukipima kila mara, mpaka ufike 30. Kisha shuka, na upime pikipiki ikiwa imesimama yenyewe bila wewe. Kipimo hiki wengi hukiruka, nacho ndicho kinachotoa hukumu ya springi. Ikizama kwa uzito wake mwenyewe milimita 5 hadi 15, springi inakufaa na shida ilikuwa kukazwa tu. Ikizama zaidi ya hapo, milimita 20 au 25, maana yake umelazimika kuilegeza kupita kiasi ili ikukubali, yaani springi ni ngumu kwako. Watu hushangaa hapa, wanaona kama nimegeuza maneno: springi ngumu, halafu pikipiki inazama zaidi ikiwa peke yake? Ndiyo, kwa sababu hakuna mkazo uliobaki wa kuinyanyua.

Kwa mbele kuna ushahidi mwingine rahisi. Funga kamba ya plastiki ya kufungia nyaya kwenye lile bomba linalong'aa, isukume mpaka iguse sili, uende safari yako ya kawaida, na ufunge breki kwa nguvu mara moja mahali palipo salama. Ukirudi, kamba itakuonyesha shokapu ilizama mpaka wapi. Ikibaki milimita 15 au 20 ambazo hazikutumika, ni sawa. Ikibaki 40 au 50, umelipia shokapu nzima na unatumia sehemu yake tu.

Kama shokapu za toleo lako zina skrubu za kurekebisha mwendo wa oili, na matoleo mengine hayana, kabla ya kugusa ikaze polepole mpaka mwisho ukihesabu kliki, uandike, uirudishe ilipokuwa. Baada ya hapo badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kliki mbili, barabara ileile. Mtu mwepesi kwa kawaida anahitaji zilegezwe, hasa ile ya kurudi. Ikiwa imekazwa mno, shokapu haijarudi juu kutoka kwenye kiraka cha kwanza kabla ya cha pili kufika, na cha tatu kinaikuta imekwisha.

Fanya hayo yote, uendeshe mwezi mmoja. Gharama yake ni tairi. Inawezekana kabisa, narudia, inawezekana kabisa ukaishia hapo.

Usipoishia hapo, hatua inayofuata ni springi zinazolingana na kilo zako, mbele na nyuma, na oili mpya ifungwe papo hapo kwa kuwa shokapu zitakuwa zimeshafunguliwa. Hiyo ni sehemu ndogo tu ya ile robo uliyotajiwa. Ndipo baada ya hapo, kama bado viraka vinakuchapa, uende kwa fundi wako na shokapu yake ya nyuma na vyombo vya ndani. Na kuhusu fundi huyo nina swali moja: alipokutajia bei, alikuuliza uzito wako? Shokapu nzuri ya kununua pembeni huagizwa kwa uzito wa mwendeshaji na kwa anakoendesha. Hapo ndipo inapolizidi toleo la juu kwa mtu kama wewe, maana itafika ikiwa na springi yako na oili iliyopangwa kwa ajili yako. Akikufungia ya kwenye rafu bila kuuliza kilo, utakuwa umenunua kosa lilelile kwa rangi nyingine.

Kaka yako usimbeze, ana hoja mbili za haki. Ya kwanza, vipuri havirudishi fedha. Kweli kabisa. Ndiyo maana shokapu za kiwanda utaziweka kwenye boksi, zikiwa safi, na siku ya kuuza utazirudisha uuze za kununua peke yake. Na ukifunga kitu kipya, ijulishe kampuni yako ya bima kabla ya ajali, usisubiri wakuulize baada yake. Ya pili, kuna watu ambao toleo la juu lingewafaa zaidi. Mara nyingi tofauti haiko kwenye shokapu tu. Triumph Street Triple ya mwaka 2023, toleo la RS lina nguvu farasi 130 na la R lina 120, na breki za Brembo za RS ni za daraja la juu zaidi. Panigale V4 S inakuja na rimu za aluminiamu iliyofuliwa, nyepesi kuliko za toleo la kawaida, na wepesi wa rimu unaisaidia shokapu kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa ndio uzito inaohangaika nao kila kiraka. Ukivinunua vitu hivyo kimoja kimoja, hutamaliza chini ya bei ya toleo la juu. Mtu ambaye bado hajanunua, anayevitaka vyote, mwenye kilo sabini na kitu, ningemwambia achukue la juu bila kupepesa macho.

Wewe umeshanunua. Nyongeza wanayokudai dukani ina vitu viwili ndani yake. Kimoja ni tofauti ya bei kati ya matoleo hayo. Kingine ni thamani ambayo pikipiki yako imepoteza kwa miaka miwili, na hicho hakikununulii hata skrubu. Waombe wakuandikie vyote viwili kwenye karatasi, kila kimoja kwa namba yake, uone sura ya ile nusu. Injini umesema inakutosha. Breki hujalalamikia. Ungekuwa unalipa akiba yako yote kwa ajili ya springi ya mtu mwingine.

Umetaja uwanja wa mbio kwa sentensi moja tu, lakini nimeisikia sauti yako pale. Sehemu ya fedha itakayobaki ipeleke huko, siku mbili au tatu za mafunzo na mwalimu anayekufuata nyuma. Ulisema kwenye kona unahesabu mashimo. Shokapu itakupunguzia mashimo hayo, lakini macho kuyainua uangalie mwisho wa kona ni jambo la kufundishwa, na linafundishika.

Kuhusu viganja, tukishamaliza mambo ya shokapu na bado vinauma, niandikie tena, huenda ni jinsi unavyoegemea usukani. Siku ya kupima, mume wako ndiye akushikie tepu. Na yule mwenzako wa shokapu za dhahabu mwombe aje na yake, mpime zote mbili siku hiyohiyo, wewe ukiwa juu na umevaa vilevile. Niletee namba nne, mbele na nyuma kwa kila moja. Hizo nazisubiri.

Fundi